Kidole kikisema, kioo kijibu

Swali la msomaji: «Yaya, salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina sali ndogo ya michezo ya PlayStation: PS4 moja kwenye tele bapa ya inchi 43, na PS2 mbili, zile za zamani, kwenye tele za zamani zenye mgongo. PS4 watu wanailipia mara moja moja, lakini foleni iko kwenye PS2, wanacheza PES, ule mchezo wa mpira wa miguu. Tena mimi mwenyewe ninajifunza Unity, programu ya kutengenezea michezo, na nimetengeneza mchezo wa simu wa kijana anayeruka toka paa la mabati hadi paa lingine. Kila mtu anasifu picha, lakini baada ya dakika mbili wananirudishia simu. Ni nini kinachofanya mchezo umshike mtu hadi aone kama hauna kasoro?»

Ndugu wa Katuba, umeuliza maswali mawili, la foleni ya PS2 na la mchezo wako unaorudishwa, lakini jibu lake ni moja. Mchezo unakaribia kukamilika pale ambapo mchezaji akifungwa anasema «nimekosea» na kuomba kurudia. Akisema «hii kitu imenidanganya», mchezo umemkosa, hata kama picha yake inang'aa namna gani.

Wazee wanaocheza kisolo, ule mchezo wa mbegu na mashimo kama bao, au dame (drafti) kwa visoda chini ya mwembe, hawahitaji kuelezwa hilo. Mbegu ziko wazi mashimoni, mkono unaozisogeza ni wako, na ukifungwa unajua ni hesabu uliyokosa. Mchezo wa video una shida ambayo kisolo hakina: kati ya mkono na mbegu kuna maneti (kile kidude chenye vitufe unachokishika), kompyuta, waya na tele, na kila kimoja kinaweza kumwongopea mchezaji bila yeye kujua ni kipi kilichoongopa.

Tuanze na sali yako, maana huko tiba inapatikana leo hii bila kununua kitu.

Mchezo unaochora fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde unatumia milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 16.7 kwa kila fremu. Wa fremu 30 unatumia 33.3. Kidole kinapobonyeza, mchezo hausikii papo hapo. Unasubiri mwanzo wa fremu inayofuata, unapiga hesabu, unachora, ndipo picha inatumwa kwenye tele. Hata mchezo uliotengenezwa vizuri kwa fremu 60 unakula fremu tatu au nne kabla jicho halijaona kitu, yaani milisekunde 50 hadi 70. Kwa fremu 30, zidisha karibu mara mbili. Hapo bado hatujafika kwenye tele.

Tele ya mgongo inachora mstari kwa mstari kadiri ishara inavyoingia. Haina mahali pa kuihifadhi, kwa hiyo haichelewi. Tele bapa inakusanya picha nzima, inaipanua ijae kioo, inasafisha chembechembe, inakoleza rangi, na nyingine hata inabuni fremu za katikati ili mwendo uonekane laini. Kazi hizo zote zinaweza kuongeza milisekunde 50, na kwenye tele nyingine zaidi ya 100. Hakuna kijana atakayekuja kukuambia kwamba picha imechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Atasema mchezaji wake ni mzito, au maneti imekufa, kisha atahamia kwenye foleni ya PS2.

Kwa hiyo huenda PS4 yako haina hatia. Chukua rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha (menyu nyingi huku kwetu ziko kwa Kifaransa, tafuta «Image», kisha «Mode Jeu») na uwashe. Zima chochote kinacholainisha mwendo au kupunguza chembechembe. Kwenye tele nyingine mpangilio huo unashika tundu moja tu la HDMI, ukihamisha waya umepotea. Kwenye nyingine ni lazima uipe njia hiyo jina la «PC» kabla tele haijaacha kuchezea picha. Na usijaribu kuhamishia PS2 kwenye tele bapa kwa waya wa njano, nyeupe na nyekundu ukidhani unaipandisha cheo. Ishara ile inakuja nusu picha kwa nusu picha. Tele bapa inabidi iziunganishe kisha izipanue, na matokeo yake ni ukungu pamoja na uzito. Wengi waliofanya hivyo walisema PS2 imezeeka ghafla.

Usiamini hisia, pima. Simu nyingi sasa zina video ya mwendo wa pole ya fremu 240 kwa sekunde. Iweke mahali ambapo kidole gumba na kioo vinaonekana pamoja, rekodi mtu akibonyeza pasi, kisha ipitishe fremu kwa fremu tangu kitufe kinapozama hadi mchezaji anapoanza kutikisika. Kila fremu ni kama milisekunde 4. Fremu 24 ni milisekunde 100. Rudia mara kumi, tupa kubwa zaidi na ndogo zaidi, chukua ya katikati. Ukipata chini ya 100 kwa mpira wa miguu, usiguse kitu. Ukipata 150 na kwenda juu, kuna mla rushwa njiani; badilisha kitu kimoja, pima tena, kisha kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua ni kipi kilichoponya.

Stiki, vile vijiti vya gumba, nazo ziangalie. Zile za maneti ya PS4 zinafanya kazi kwa vipande vinavyosuguana, na vumbi jekundu la kiangazi chetu linavila haraka: mchezaji anaanza kutembea mwenyewe kuelekea kona bila kuguswa. Alkoholi ya asilimia 90 na kwenda juu kwenye pamba ndogo, stiki ikizungushwa pande zote, kisha kuachwa robo saa ikauke, inarudisha nyingi. Ile isiyorudi inahitaji kuchomelewa kipande kipya. Mafuta ya kupaka na manukato yenye alkoholi yanazidisha uchafu, usiyatumie.

Lakini ukimaliza kurekebisha tele, PES ya zamani bado itakuwa na wapenzi wake, na sababu iko ndani ya mchezo wenyewe. Konami iliendelea kuitolea PS2 matoleo ya PES hadi lile la 2014, wakati PS3 ilikuwa imeshakaa sokoni tangu 2006, kwa hiyo haikuwa mapenzi ya wachache. Katika michezo ile mwendo wa mchezaji ni mfupi: anageuka kwa vipande vichache vya picha, na amri mpya inaweza kumkatiza. Michezo mipya inachukua mwendo wa wachezaji wa kweli, jinsi mguu unavyojikunja, jinsi bega linavyoshuka, na mwendo ulioanza unataka kumalizika. Ukweli wa mwili unapatikana, utii unapungua. Umemwamuru ageuke, naye bado anamaliza hatua aliyoianza. Hakuna upande wenye makosa hapo, ni uchaguzi, na mtu anayelipa kwa mechi mara nyingi anachagua utii.

Kuhusu kucheza kwa mtandao nitasema kidogo tu. Toka Lubumbashi hadi Paris ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 70 hata mtandao ukiwa mzuri kupita yote, na nyuzi hazinyooki. Ukiweza kuchagua seva, chagua iliyo karibu. Ukishindwa, wachezeshe watu wako uso kwa uso. Ndiyo faida ya sali.

Sasa mchezo wako wa mapaa.

Kabla ya yote, Unity ikiachwa yenyewe kwenye simu inakwenda kwa fremu 30. Weka Application.targetFrameRate iwe 60. Kisha jaribu kwenye simu ya kumbukumbu ya giga 2, si yako ya kazi, na ujaribu baada ya dakika ishirini za kucheza mfululizo, mchana wa joto la Oktoba. Simu ikipata joto inajipunguza nguvu, na mchezo ulioanza kwa 60 unaporomoka hadi 40, unapanda, unaporomoka tena. Kuyumba huko kunaumiza kuliko 30 iliyotulia, kwa sababu kidole kinajifunza mwendo mmoja na kioo kinatoa mwingine. Kama simu hiyo haishikilii 60, punguza vivuli na moshi. Kama bado, funga kwenye 30 na uishi nayo.

Pili, angalia kitufe chako cha kuruka. Ninashuku umetumia kitufe cha kawaida cha Unity, kile chenye onClick. Kitufe hicho kinajibu kidole kinapoondoka, si kinapogusa. Mguso wa kawaida unadumu karibu sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo kijana wako anaruka akiwa amechelewa hata kabla hatujaanza kuhesabu fremu. Tumia IPointerDownHandler, inayosikia kidole kinapogusa. Hili peke yake linaweza kuwa nusu ya ugonjwa wako. Na usisome vidole ndani ya FixedUpdate, sehemu ya hesabu za mwendo, ambayo kwa kawaida inakwenda mara 50 kwa sekunde wakati picha inakwenda 60: mibonyezo mingine itamezwa. Soma ndani ya Update, inayokwenda pamoja na kila fremu, hifadhi saa ya mbonyezo, iache FixedUpdate iitumie. Kama kijana anatetemeka akikimbia, washa Interpolate kwenye mwili wake. Ni zile 50 na 60 zinagongana. Kitufe chenyewe kisipungue milimita 9 upana, na sehemu inayosikia iwe kubwa kuliko inayoonekana, kwa sababu gumba linaficha lile linaloligusa.

Mruko wenyewe usiuanze kwa kubahatisha uzito wa dunia hadi upendeze. Chagua vitu viwili ambavyo jicho linavijua: urefu na muda wa kufika kileleni. Uzito ni urefu mara mbili, gawa kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. Kasi ya kuanzia ni urefu mara mbili, gawa kwa muda. Ukitaka kijana apande pikseli (nukta za kioo) 48 kwa sekunde 0.4, uzito unakuwa pikseli 600 kwa sekunde kwa sekunde, na kasi ya kuanzia 240. Kisha, akianza kushuka, zidisha uzito kwa 1.6. Mruko unaopanda na kushuka sawasawa unaonekana kama mtu wa puto. Na kidole kikiachia mapema wakati bado anapanda, kata kasi yake kwa nusu; hapo mguso mfupi unazaa mruko mfupi na mrefu unazaa mrefu, na mchezaji anapata ala badala ya swichi.

Sasa neema, ambayo ndiyo sehemu wengi wanaiona kama udanganyifu wakati ni kinyume chake. Kumbuka picha anayoiona mchezaji ni ya zamani kidogo. Anapoona mguu uko ukingoni mwa paa, ndani ya hesabu za simu kijana ameshapita ukingo. Mchezaji amebonyeza kwa wakati wake, mashine inamhukumu kwa wakati wake yenyewe. Neema ni kumrudishia muda ambao waya na kioo vilimwibia.

Neema ya kwanza ni ya ukingoni: kwa sehemu fupi ya sekunde baada ya mguu kuacha paa, bado mruhusu aruke kama yuko juu yake. Celeste, mchezo wa kuruka uliotoka 2018 na ambao wachezaji wengi wanautaja wakiulizwa ni upi mgumu lakini wa haki, unatoa sekunde 0.1, yaani fremu 6. Ya pili ni kumbukumbu ya kidole: akibonyeza fremu chache kabla hajatua, usitupe mbonyezo, uhifadhi na umrushe mara anapogusa paa. Celeste inahifadhi kwa sekunde 0.08. Ya tatu, kichwa kikigonga kona ya dari kwa pikseli chache tu, msogeze pembeni apite. Mchezo huohuo unasamehe hadi pikseli 4. Karibu na kilele, kidole kikiwa bado kimebonyeza, uzito unapunguzwa kwa nusu, ili mtu apate nafasi ya kuchagua pa kutua. Hakuna mchezaji anayeona lolote kati ya haya. Anaona tu kwamba yeye ni hodari.

Tahadhari iko kwenye kumbukumbu ya kidole. Ikizidi, inageuka laana. Kila mpenzi wa mpira wa tele anaijua hali hii: umebonyeza shuti mpira ukiwa njiani, beki ameuwahi, umemnyang'anya tena sekunde moja baadaye, na mchezaji wako anaupiga mpira jukwaani kwa amri uliyoisahau. Amri iliyozeeka ife. Kwa mruko, fremu 5 au 6 zinatosha. Mazingira yakibadilika, futa yote.

Mipaka ya kugongana nayo imhurumie mchezaji vilevile. Msumari uliochorwa kwa pikseli 16 uue kwa 10 za katikati. Sarafu iliyochorwa kwa 16 iokotwe hata kwa 22. Mtu aliyepita karibu na msumari akapona hatalalamika kamwe. Aliyekufa bila kuguswa hatakusamehe.

Na sauti? Hapa tuko nyumbani, maana mji huu uliipa dunia Robert Kidiaba. Mwaka 2010, TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi, ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu kule Abu Dhabi, watu wasiojua Katanga iko wapi walimkumbuka golikipa anayerukaruka kwa makalio kila timu yake inapofunga. Goli ni namba moja ubaoni. Kidiaba aliipa namba hiyo mwili. Mchezo nao unahitaji Kidiaba wake, lakini aje kwa wakati. Kijana akitua, vumbi dogo na mlio wa bati vitoke ndani ya fremu ileile. Akimkanyaga adui, simamisha kila kitu kwa fremu 3 hadi 6, kisha endelea. Kituo hicho kifupi ndicho mkono unachokisoma kama uzito wa pigo. Kutikisa kioo kusizidi sekunde 0.2, na weka mahali pa kuzima mtikiso huo. Milio mifupi usiihifadhi kama MP3, kwa sababu usimbaji wake unaweka ukimya mdogo mwanzoni mwa faili. Tumia WAV au OGG, na ipakie kwenye kumbukumbu kabla hatua haijaanza. Mtu mwenye vipokea sauti vya Bluetooth atachelewa hata ukifanya yote haya, kwa hiyo usijenge jambo ambalo linategemea sikio peke yake. Na sherehe ndefu, kama ile ya baada ya goli, iweze kurukwa kwa mguso mmoja. Kidiaba mwenyewe angechosha kama angerudiwa mara arobaini kwa saa.

Jambo linalofuata ni namna unavyomfundisha mtu. Ninaweza kubashiri kwamba mwanzo wa mchezo wako una maandishi. Yaondoe. Super Mario Bros. ya Nintendo, 1985, inamweka Mario kushoto mwa kioo akitazama kulia, na kulia kuko wazi. Mtoto asiyejua kusoma anakwenda kulia. Adui wa kwanza anakuja taratibu, peke yake. Akikuua, umepoteza sekunde chache. Mbele kidogo kuna vibao vya kugonga kwa kichwa. Kimoja kinatoa uyoga, unateleza kulia, unagonga bomba na kukurudia wewe, kiasi kwamba ni vigumu kuukwepa hata ukiuogopa, na ndivyo unavyogundua kwamba si adui. Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka hawakuandika neno hata moja hapo. Kwenye mapaa yako, pengo la kwanza liwe na paa la chini linalomdaka aliyeanguka. La pili liwe na upana uleule, bila mdakaji. La tatu ndipo uweke paka, au mbwa, au chochote kinachouma.

Ugumu usipande kama ngazi iliyonyooka. Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia aliyechunguza watu waliozama kwenye kazi zao, alionyesha kwamba kuzama huko kunatokea pale changamoto na uwezo vinapokaribiana: ikizidi changamoto mtu anahangaika, ukizidi uwezo anachoka. Lakini kukaribiana si kubana kila dakika. Pac-Man ya 1980 ina saa ya siri: kwenye hatua ya kwanza mizimu inatawanyika kwenye kona zake kwa sekunde 7, kisha inawinda kwa sekunde 20, halafu inatawanyika tena. Mchezaji anapumua bila kujua nani amempa pumzi. Fanya hivyo na mapaa: magumu matatu, rahisi mawili, kisha magumu zaidi kidogo. Na adui yeyote aonyeshe nia kabla ya kupiga. Jicho la mtu hadi kidole linachukua karibu robo sekunde. Onyo la nusu sekunde ni haki kwa mgeni, na hata kwa mzoefu usishuke chini ya hiyo robo, hapo umemtaka akariri badala ya kuona.

Niruhusu nichomeke jambo kuhusu neno lako «hauna kasoro». Katika Space Invaders ya 1978, wavamizi wanakwenda kasi kadiri wanavyopungua kwa sababu mashine ya Tomohiro Nishikado ilikuwa na vichache vya kuchora. Ulikuwa udhaifu wa chombo. Aliuacha, na ukawa mpigo wa moyo wa mchezo. Usikimbilie kuua kila kosa unaloliona kabla hujaona wachezaji wanalifanyia nini.

Bahati nasibu ni shimo jingine. Kama mapengo yako yanachaguliwa ovyo, siku moja litatokea pengo lisilorukika, na siku hiyo mtu atakuwa anakaribia rekodi yake. Piga hesabu: kupanda sekunde 0.4, kushuka kwa uzito wa mara 1.6 kama sekunde 0.32, jumla 0.72. Kwa mbio za pikseli 150 kwa sekunde anaweza kuvuka kama pikseli 107. Pengo kubwa kabisa liwe 90. Na usivute kila kipande kwa bahati tupu. Tetris ya kisasa inatia maumbo yake saba kwenye mfuko, inayachanganya, inayatoa yote, ndipo inajaza tena. Kwa hiyo mstari mrefu unaousubiri hauwezi kukosekana kwa zaidi ya vipande 12. Andaa mapaa saba ya aina tofauti, uyatie mfukoni hivyohivyo.

Tena macho ya watu hayasomi asilimia kama hesabu inavyozisoma. Katika Fire Emblem, mchezo wa vita vya kupokezana zamu, tangu toleo la 2002, pigo lililoandikwa asilimia 90 lilikuwa kwa kweli linapata kama 98, kwa sababu mchezo ulivuta namba mbili na kuchukua wastani wake. Aliyeona 90 akakosa anahisi ameibiwa. Watengenezaji waliamua kufuata kile anachohisi.

Kufa kuwe rahisi. Toka anapoanguka hadi anapokimbia tena kusizidi sekunde moja: hakuna menyu, hakuna «je, unataka kuendelea?», hakuna tangazo linalokula mega zake. Ukihitaji tangazo ili upate chochote, liweke mwishoni mwa hatua, pale anapotaka kupumua mwenyewe.

Na hifadhi kazi yake. Huku kwetu umeme unakatika, betri inakwisha, simu inaita na Android inaufunga mchezo bila kuaga. Usisubiri OnApplicationQuit, ile ishara ya kufungwa kwa mchezo, mara nyingi haiji. Andika kwenye OnApplicationPause, ile ya mchezo kusimamishwa, na kila mwisho wa hatua. Andika kwanza kwenye faili ya muda, hakikisha imeisha, ndipo uipe jina la faili halisi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ile ya zamani bado nzima. Aliyepoteza hatua kumi na nne hatarudi kuzitafuta.

Hadithi na picha sijazigusa kwa sababu picha zako zimeshasifiwa, na hadithi ya kijana juu ya mabati inatosha.

Ukishafanya haya, chukua simu ya giga 2, mpe mtu asiyejua mchezo, kaa pembeni na ufunge mdomo. Usimwelekeze hata akikwama. Fanya hivyo kwa watu watano, na uandike neno la kwanza linalowatoka kila wanapoanguka. «Nimechelewa» na «aa, nimeruka mapema» ziache zilivyo. «Sikuona» inakurudisha kwenye rangi na onyo la nusu sekunde. «Nilibonyeza!» inakurudisha kwenye video ya fremu 240, na safari hii tafuta kidole kiligusa fremu ngapi za mchezo (moja ni nne za video) kabla au baada ya ukingo: kama ni ndani ya 6, neema yako haifanyi kazi, kama ni 7 hadi 9 kwa watu watatu kati ya watano, simu inachelewa kuliko ulivyodhani, na neema iongeze hadi 8 kabla hujagusa kitu kingine chochote.